Tonge la Skolastika

Sumbawanga, Jumapili usiku, 1946

Alikula! Tonge baada ya tonge, kutoka mkononi mwa mwanamke mwingine, na mimi nimekaa pale pale.

Tangu mume wangu Desideri arudi kutoka vitani Burma bila mikono, nyumbani hataki nimlishe. Nikimsogezea ugali anafunga mdomo. "Acha, mama Yosefu. Nimeshiba." Amekonda mpaka naogopa.

Leo baada ya misa kina mama wa misheni wamewapikia tena askari walioumia pamoja na familia zao. Skolastika, yule mjane wa Malangali, akakaa karibu na mume wangu, naye akafungua mdomo kama kinda. Hata kucheka alicheka!

Wivu ulinikaba. Tulipokuwa tunaosha vyombo nikamwuliza, "Umempa nini mume wangu?"

"Sijampa kitu, dada. Mimi namlisha huku napiga soga na wengine, simtazami. Wewe unamkodolea macho kama umefiwa."

Nilitamani kummwagia yale maji machafu.

Jioni nikamega ugali wa ulezi, nikachovya kwenye maharage, nikageukia mlangoni na kuanza kumlaumu jirani ambaye mbuzi wake wamekula mahindi yetu. Mkono nikaunyoosha upande wa Desideri. Nikasikia midomo yake vidoleni.

"Mbuzi wangapi?" akauliza, mdomo umejaa.

Sikugeuka. Tulimaliza sahani nzima.

Namshukuru Mungu, kweli. Lakini Skolastika akiniuliza Jumapili ijayo, nitamwambia hakula.