Jibu la Pili Karakanani

Nyumbani, chumba cha nyuma ya karakana,
Jumatano, tarehe kumi na sita, mwezi wa saba.

Mpendwa mjukuu wangu Randa, mume wangu mtoro,

Tangu tumzike babu yako hujakanyaga hapa. Miaka mitatu. Hata mbuzi akikata kamba hurudi jioni, lakini wewe ulikata kamba ukaenda moja kwa moja, na nauli unayo. Ningekuwa na miguu ya zamani ningekufuata huko huko nikakurudisha kwa sikio.

Haya, nimeshasema, sasa salamu. Hujambo lakini? Unalala vizuri? Unakula, au bado unapita kwenye sahani kama randa kwenye ubao, usibakishe kitu, mpaka babu yako akakupa jina? Sisi ni wazima. Goti langu la kulia linatabiri mvua kuliko redio. Baba yako ananung'unika, kwa hiyo ni mzima. Mama yako naye ni mzima, na hilo ndilo lililonikalisha hapa na penseli ya seremala, mimi ambaye sikuona mlango wa darasa, herufi nikafundishwa na babu yako juu ya vipande vya mbao. Ukiona mstari umepinda, unyooshe wewe uliyesoma.

Unaikumbuka mashine ya msumeno, ile ambayo mota yake iko chini na mkanda wa mpira unapanda kuzungusha puli. Mwezi huu mkanda ulianza kulegea. Ubao mgumu ukiingia, msumeno unasimama, mkanda unateleza na kulia kama mtoto aliyenyimwa, na karakana nzima inanuka mpira ulioungua. Baba yako akawa anausukumasukuma ubao taratibu, kama anayembembeleza mgonjwa. Nikamwambia, "Mkanda haubembelezwi, unakazwa."

Akasema, "Mama, siku hizi fundi ni wewe?"

Nikamwambia mkanda huo niliukaza yeye akiwa tumboni.

Basi tukaukaza Jumatatu ya wiki iliyopita, asubuhi, jua likiingia kwa matundu ya bati. Tulizima umeme, tukatoa kifuniko cha mkanda, tukalegeza nati nne za mota. Baba yako akaisukuma mota nyuma kwa mtaimbo, mimi nikawa nabonyeza mkanda katikati. Ukizama kwa unene wa dole gumba, inatosha. Ukizidisha unaua beringi. Tukapima kwa uzi kama puli mbili zinatazamana, tukakaza nati. Kifuniko tukakiacha chini, tuone kwanza mkanda unavyokimbia. Hapo ndipo tulipokosea, na sikufichi.

Sheria ya babu yako unaijua. Anayeshika swichi huita, "Mikono?" na kila aliyemo ndani hujibu, "Mbali." Mmoja asipojibu, hakuna kubonyeza. Wewe mwenyewe ulichapwa kwa kujibu "Mbali" huku unachezea maranda.

Usilolijua ni hili. Tangu tumzike, kila nikiita, majibu ni mawili. Hujibu baba yako, kisha kule kwenye kona ya rundo la mbao linatoka jingine, la chini, limechelewa kidogo, kama la mtu aliyebana misumari midomoni. Na unajua nani alikuwa akibana misumari midomoni.

Baba yako alisema ni mwangwi. Nikaita jina la mbuzi, nikaita jina lake yeye, nikatukana kidogo. Hakikurudi kitu. Ni "Mbali" tu, na ni kwa "Mikono?" tu. Mimi si mtu wa mapepo, unanijua, ila kitu kisichokula wala kuvunja vyombo nitakifukuza kwa nini? Nikakizoea kama saa ya ukutani. Hata baba yako akawa anatania, "Mzee leo kawahi kazini."

Sasa Jumatatu hiyo nikarudisha umeme, nikasimama kwenye swichi, nikaita. Baba yako akajibu, "Mbali." Nikangoja. Kona ikanyamaza.

Ukimya ule sijui nikuelezeje. Vumbi la mbao lilining'inia kwenye mistari ya jua, wala halikushuka. Nikaita mara ya pili. Akajibu baba yako peke yake, tena kwa hasira: "Mama, milango ya watu inangoja. Bonyeza." Nikaondoa kidole, nikashika fimbo yangu, nikazunguka mashine.

Mama yako alikuwa amechuchumaa nyuma ya mota. Aliingia kwa mlango wa uani kuokota maranda ya kuwashia moto, na masikio yake unayajua, tangu ile homa anasikia ukimsogelea tu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeingia hadi kiwiko kati ya mkanda na puli, maana maranda mengi hujikusanya pale. Aliponiona akatabasamu. Akauliza, "Mmeshamaliza, Mama?"

Nikamwambia tumemaliza. Niliushika ule mkono nikautoa polepole, kama mtu anayetoa yai chini ya kuku, nikaenda nao hadi uani, na sikuuachia mpaka adhuhuri. Baba yako alikaa juu ya ubao amejifunika uso. Habari za mwangwi hajazitaja tena.

Nilidhani yamekwisha. Kesho yake tukarudisha kifuniko, tukatia komeo mlango wa uani, mama yako nikamkalisha nje kwenye kigoda, ninamwona dirishani, mikono mapajani. Nikaita. Akajibu baba yako. Kona kimya. Siku iliyofuata, kimya. Nikamwita dada yako kutoka kwa mumewe, akaja akicheka, nikamgeuza viganja mbele na nyuma kama ninayenunua kitambaa. Vizima. Nikaita tena mbele yake, naye akaacha kucheka.

Nimechomoa fyuzi, nimeifunga kwenye ncha ya nguo yangu. Baba yako ananiambia, "Mama, kazi imesimama kwa ajili ya mtu aliyekufa." Nikamjibu imesimama kwa ajili ya mtu aliye hai, ila sijamjua ni nani.

Juzi nilikuwa naosha vyombo, ikanijia barua yako ya mwisho. Ulisema huko kwenye kiwanda cha maboksi wamekupandisha, wamekuweka kwenye mashine ya kukata yenye mkanda mrefu kama barabara. Ukasema watu ni wengi, kelele ni nyingi, na hakuna anayeita kabla ya kuwasha. Uliandika kwa fahari. Sahani ilinitoka.

Mikono yote ya nyumba hii nimeihesabu, Randa. Imebaki yako.

Tangu juzi tunakupigia simu, inaita mpaka inachoka. Baba yako anasema uko zamu. Zamu gani isiyo na mwisho? Ndiyo maana barua hii nimempa dereva wa lori la mbao anayepita mji wenu. Nimemkataza kuiacha kwa mlinzi. Akukabidhi wewe mwenyewe, na akirudi aniambie umeipokea kwa mkono upi.

Nakuomba, mume wangu, na mimi siombi ovyo. Kama huko hakuna anayeita, ita wewe. Wakikucheka waache, kicheko hakikati mtu. Mkanda ukilia au ukiteleza, usiuguse unazunguka. Zima, ngoja usimame kabisa, weka mtu kwenye swichi, ndipo uubonyeze kwa dole gumba. Na kama la kutokea limeshatokea, niambie. Sitakulilia, nitakukaripia kama kawaida, na chakula nitakukatia mimi, si mara ya kwanza kukulisha. Ila usinifiche. Nimeshachoka kungoja jibu kwenye kona.

Mama yako anakusalimu sana. Hajui ninachokuandikia, anadhani ni habari za goti. Baba yako anakusalimu kwa midomo, lakini nimemwona akikaa karibu na simu. Dada yako na mumewe wanakusalimu. Fundi cherehani, jirani yetu, anauliza kama umeoa, nimemwambia umenioa mimi ukakimbia. Kuku mwekundu naye yupo, bado anataga kwenye unga wa msumeno na kututazama kama sisi ndio wapangaji.

Mungu akufunike kuliko kifuniko chochote cha bati, akurudishe mzima kama tulivyokutoa.

Siku ukija, usipitie mlango wa nyumbani, na usibishe hodi. Pitia karakanani. Utanikuta nimesimama kwenye swichi. Inua mikono yote miwili juu ya kichwa niione kabla sijauona uso wako, kisha nitaita. Usijibu upesi. Ngoja kidogo, nisikie kama babu yako atakutangulia.

Ni mimi niliyekubeba mgongoni, nikupendaye kwa ukali,
Bibi yako.