Nyota Pacha Ukumbini Newala

Shikamoo, dada Rehema. Newala kuna baridi na maji ni ya shida. Jana kwenye mashindano ya sayansi nilivaa gauni lako la mtumba. Nilieleza kwamba nyota huweza kunyonya gesi ya pacha wake mpaka yenyewe ilipuke, na wataalamu huchunguza mabaki ya mlipuko wajue chanzo.

"Kama jirani na pipa langu la maji!" akadakia mama mmoja. Ukumbi ukacheka, nami nikacheka.

Mwalimu mmoja, jaji wa mashindano, akauliza, "Pacha hupona?"

Ndilo swali nililoliogopa. "Bado wanamtafuta kwenye mabaki," nikajibu.

"Vizuri. Endelea."

Nikamaliza, dada, mimi ninayeona haya kusema hata dukani, ninayenunua chumvi kwa kunyoosha kidole! Asante kwa kunilazimisha nije kushindana. Mungu amponye mtoto wako kikohozi.

Mdogo wako, Asha