Daftari la Mama Kola

Ni mwaka mmoja sasa, Mama Kola, tangu penseli yako ibaki pale pale ulipoiweka, kwenye ukingo wa dirisha la sebuleni, na humu ndani hakuna mwenye ujasiri wa kuichonga. Watoto wamesema kumbukumbu yako niandike mimi. Nimewaambia mkono wangu umezoea randa, si kalamu. Wakanijibu, "Baba, andika tu, Mama atakuelewa." Basi nielewe.

Wasiokujua wajue hivi: kiwandani ulishona kola. Si shati, kola tu. Miaka thelathini na moja mashati ya shule yalipita mikononi mwako. Mikono ya mashati walishona wengine, vifungo wengine, wewe kola. Wenzako wakakubandika jina la Mama Kola, likakufuata hadi nyumbani, na hata mimi nikaliacha lile la zamani. Kola za nyumba hii zilikuwa hazifi. Ikichakaa, uliifumua, ukaigeuza upande wa ndani uwe wa nje, ukaishona upya, na mwenye shati akatoka kifua mbele.

Kisha ukaja ule mwaka wa umeme kukatika kila mchana. Mashine zikinyamaza, wenzako walisinzia au walisengenya. Wewe ukaokota kipande cha karatasi ya kukatia vipimo, ukachukua chaki yako, ukamchora msimamizi amelala kinywa wazi. Ulikuja nacho nyumbani umekikunja ndani ya pochi, ukanionyesha huku ukicheka hadi machozi. Ndipo ukanieleza jambo ambalo katika miaka yote ya ndoa yetu hukuwahi kulitaja: kwamba ulipokuwa msichana ulichora kila siku, kwenye madaftari, kwenye kuta, hata ukachapwa, na kwamba ulipoanza kazi uliacha, wala hukujua ni siku gani uliacha. "Nilidhani kipaji kimekufa," ulisema. "Kumbe kilikuwa kimelala tu." Jumamosi ile ukanunua daftari lisilo na mistari.

Nilikutania, nakiri. Nilikuuliza mtu mzima wa miaka hamsini na sita anarudi chekechea kufanya nini. Ukanijibu ng'ombe hazeeki maini, ukaendelea kuchonga penseli kwa ule wembe wako wa kufumulia nyuzi.

Na tuseme ukweli, mwanzoni ilikuwa vituko. Kila mtu ulimwanzia kwenye kola, kwa sababu ndicho kitu mkono wako ulichokijua. Kutoka hapo ulipanda shingoni, na sura ukaiacha mwisho. Dada yangu ulimchorea kola ambayo angeweza kuivaa akaenda nayo harusini, lakini uso wake ukatoka kiazi. Akakuuliza, "Wifi, huyu ni nani?" Ukamwambia, "Ni wewe, ila hujaiva." Mpaka leo anaisimulia hiyo, na akifika mwisho anakohoa kidogo, anaomba maji.

Hukukata tamaa. Ulichora wakati wa mapumziko, ulichora kwenye foleni ya zahanati, ulichora jikoni ukingoja maji yachemke, mara mbili tatu yakakauka. Tukakuona unabadilika. Zamani ulirudi kutoka kazini umechoka, unakula kimya. Sasa ulirudi na habari: "Jamani, leo nimemwona mtu masikio yake hayalingani kabisa!" Ukaanza kunitazama na mimi, usoni, kwa kituo. Nilikuwa nimesahau kutazamwa. Miezi yako ya mwisho mkono ulikuwa umeshafunguka, na sura zikaanza kuja. Ulimchora kitinda mimba wetu akisuka nywele zake mwenyewe, ukampa aangalie. Alikaa sakafuni akalia, kwa sababu alikuwa ni yeye, pamoja na ule wasiwasi anaodhani tumeshindwa kuuona.

Mimi uliniomba kila Jumapili saa kumi jioni, mwanga ukiwa mzuri pale dirishani. "Baba watoto, kaa dakika kumi tu."

Nilikaa, dakika mbili. Kisha kiti kikayumba, na mimi ni seremala, nikasema siwezi kukalia aibu hii, ngoja nilete nyundo. Njiani kwenda kwenye nyundo nikakutana na mteja, au na jirani, au na usingizi. Ukiniita, nilijibu, "Kesho, mama watoto, kesho." Ukacheka, ukafunga daftari. Nisikufiche leo: kile kiti sikukitengeneza makusudi. Ubovu wake ulinifaa. Niliogopa macho yako, yalivyokuwa yamejifunza kuona.

Jumapili ya mwisho nilisema kesho. Jumanne kichwa kikakuuma ukiwa kwenye mashine, na jioni tukarudi kutoka hospitali bila wewe.

Baada ya mazishi binti zetu walipanga vitu vyako. Michoro waliigawana vizuri, bila kugombana, kasoro kurasa kumi na moja ambazo hawakuzielewa. Zilikuwa na kola tupu, hazina shingo, hazina mtu. Wakadhani ni mambo ya kazi. Wakampelekea mwenzako wa mashine ya pili, ziwafae kiwandani.

Siku ya tatu akaja nazo, amezifunga ndani ya kitambaa. Hata kukaa alikataa.

"Shemeji, hizi si za kazi. Kiwanda gani kinashona kola iliyogeuzwa? Ona huu mshono. Na hili doa la vanishi hapa pembeni, ni la shati la mwanafunzi gani?"

Nikainamisha kichwa, nikaangalia shati nililovaa.

Zote zilikuwa zangu. Jumapili kumi na moja, kila moja imeishia pale niliponyanyuka. Na chini ya kila kola, kwa mwandiko wako mdogo, umeandika maneno mawili: "Sura kesho." Nimezikagua zote, nikitafuta walau moja uliyoiandika kwa hasira. Sikuipata.

Watu wananiambia picha zangu zipo, za harusi, za kwenye simu, nichague nitakayo. Simu haikuniona. Wewe ulimwona mtoto wetu mpaka ndani, na mimi sitajua kamwe ulikuwa umeniona vipi. Hilo ndilo linaloniuma, mke wangu, kuliko ukimya wa jikoni, kuliko upande wako wa kitanda. Majuto ni mjukuu, wahenga husema. Yamekuja, na yamehamia hapa na mizigo yao.

Kiti nimekitengeneza. Ilikuwa kazi ya dakika kumi.

Wanaokukumbuka ni binti zako watatu na waume zao. Wajukuu wanaogombania kifutio chako. Wifi yako, ambaye ule uso wa kiazi ameutundika sebuleni kwake kwenye fremu niliyomkatia mimi, na ole wake atakayeucheka. Wenzako wa mstari wa kola, ambao siku hizi umeme ukikatika kila mmoja anatoa kipande chake cha karatasi. Na mimi mumeo.

Daima tutakukumbuka, Mama Kola. Leo ni Jumapili, saa kumi kasoro, na mwanga umeshaanza kuingia. Shati ni lile lile. Mteja amebisha hodi mara mbili, nimemwambia aje kesho. Mimi nimekaa.