Leo Diwani, Kesho Rais: Hoja Yangu kwa Baraza la Baba

Tororo, Uganda
Februari 1966

Baba yangu mpenzi,

Nakushika miguu. Kabla hata ya kukuuliza hali, naitamka hoja ambayo nitaitetea mpaka wino unikaukie: mwanamke aweza kuchaguliwa na watu wazima wenye akili zao kuwa kiongozi wa taifa zima, na taifa litakalomchagua halitapungukiwa na kitu. Nimeanza hivyo kwa sababu barua yako ilianza na kinyume chake, nami sipendi kukuzungushia maneno.

Sasa nakujulia hali. Kifua kimetulia? Cherehani mpya imekuzoea, au bado inakata uzi? Mimi ni mzima wa afya, na furaha yangu ni kubwa kuliko mshahara wangu. Ramadhani niliifunga hapa, katikati ya walimu wenzangu Wakristo, ambao kila adhuhuri walikwenda kula nyuma ya jiko ili wasinitamanishe. Siku ya Idi waliniletea mbuzi mzima nimchinje kwa mkono wangu, wapate kula pamoja nami. Nyumba yangu hupokea vumbi la kiwanda cha saruji kila upepo unapogeuka, na ugali wa huku ni wa wimbi, mweusi. Nimeuzoea kiasi kwamba naona wa mahindi hauna ladha. Hilo usimwambie mama.

Turudi kwenye jambo letu. Umeniandikia kwamba watu wa kata yetu wamemfuata mdogo wangu Zuhura wakimtaka asimame udiwani, kwamba yeye hatasimama bila idhini yako, na kwamba majina yatapokewa mwisho wa mwezi ujao. Umenitaka mimi, kwa kuwa nimehitimu chuo kikuu, nimwandikie kumkataza. Sababu uliyonipa ni maneno ya rafiki yako Mzee Kombo, aliyesema mbele ya watu barazani pako, "Leo diwani, kesho mtatuambia awe rais." Watu wakacheka, nawe ukaona haya.

Baba, Mzee Kombo alidhani ametaja upuuzi utakaotufunga midomo. Mimi nauchukua upuuzi huo kwa mikono miwili. Naam, leo diwani, kesho rais. Sioni kosa katika mpangilio huo, isipokuwa kwamba "kesho" yake huenda ikachelewa.

Mwezi uliopita magazeti yalituletea habari kwamba India imempata mwanamke kuwa waziri mkuu, na Ceylon ilikuwa imetangulia miaka kadhaa nyuma. Historia ya pwani yetu wenyewe inawajua malkia waliotawala miji na visiwa kabla ya Wazungu kufika, na watu waliwatii bila kuanguka kifafa. Lakini sitaki kukushinda kwa vitabu. Nitakusimulia nililoliona Jumamosi iliyopita.

Kila Jumamosi hupanda basi kwenda Busia, mji ambao nusu yake imo Uganda na nusu imo Kenya, kuwafundisha watu wazima katika ukumbi mmoja karibu na mpaka. Wengi ni wachuuzi wa soko la hapo. Yuko mwanamke mmoja Msamia, wa kabila linaloishi pande zote mbili za mpaka, Mama Nabwire, muuza samaki wakavu, mwenye sauti ya kusimamisha lori. Wachuuzi wa pande zote mbili, wanaume kwa wanawake, wamemchagua awaamulie ugomvi wao, kwa kuwa polisi wa Kenya hana amri upande wa Uganda wala yule wa Uganda hana amri upande wa Kenya. Utaratibu ni huu: kitu kinachogombewa hupelekwa kwenye kibanda chake, kilicho upande wa Kenya, na hakuna anayekigusa mpaka yeye atamke.

Yuko pia Okoth, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Kirewa, huku Uganda, aliyepigana vita vya Burma, mbishi wa kunishinda hata mimi. Asubuhi hiyo alikuwa amemuuzia mtu wa upande wa Kenya mtamba mwekundu. Mnunuzi akasema mnyama anachechemea na kutaka kumrudisha; Okoth akasema ng'ombe alikuwa mzima mpaka alipopata mwenyewe mwingine. Kamba ikafungwa kwenye nguzo ya Mama Nabwire. Akawaambia wamwache mnyama apumzike, atamtazama akitembea jua likipungua.

Basi mchana, darasani, nikaleta mjadala: je, mwanamke aweza kuchaguliwa kuongoza taifa? Wanaume walicheka kabla sijamaliza sentensi. Okoth akasimama, kofia kifuani.

"Mwalimu, mimi nimeona vita. Mwanamke akisimama mbele ya askari atasema nini? Atawauliza kama wamevaa sweta?"

Watu wakapiga makofi. Akapata moto.

"Na mwanaume gani atakubali kuhukumiwa na mwanamke? Mimi Okoth siwezi. Hata Mungu anajua."

Mama Nabwire alikuwa benchi la nyuma, anatoa miba ya samaki kidoleni.

"Okoth," akasema, "ng'ombe yako iko wapi?"

"Iko kwako, mama."

"Kwa nini hujaifungua?"

Okoth akamtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Si hujasema bado."

"Basi kaa chini, afande. Ngoja niseme."

Baba, ukumbi ulilipuka. Mzee mmoja alicheka mpaka akashikiliwa. Okoth naye alicheka, akakaa, kisha akainuka tena kudai kwamba mambo ya ng'ombe ni mengine.

Nikaona wakati umefika wa kupiga kura, tena kwa namna wanavyofanya wabunge wa nchi kubwa nilivyosoma: wanaoafiki watoke mlango wa mashariki, wanaopinga watoke wa magharibi. Nikasimama nje kwenye ngazi, nikahesabu, nikatangaza kwa sauti ya kitaaluma kwamba wananchi wa Kenya wameafiki takriban wote na wananchi wa Uganda wamepinga takriban wote, jambo linalostahili kuchunguzwa. Mwanamke mmoja muuza mihogo, aliyetokea magharibi, akanitazama kwa huruma.

"Mwalimu, mimi nyumbani ni huku. Ulitaka nizunguke kwenda wapi?"

Kumbe kila mtu alitoka kwa mlango unaoelekea kwake. Mganda mmoja tu alitokea mashariki, naye ni Okoth. Nikampa mkono, nikampongeza kwa kubadili nia.

"Nia gani, mwalimu? Mimi nakwenda kwa ng'ombe yangu."

Tukaenda naye, umati mzima nyuma yetu. Mama Nabwire akamtembeza mtamba, akainua kwato, akachomoa mwiba mrefu kama sindano yako ya magunia. Akatamka: mauzo yanabaki kama yalivyo, lakini Okoth atamlisha mnyama mpaka apone, kwa sababu muuzaji aliye mwangalifu huinua kwato kabla ya mnunuzi. Okoth alikunja uso. Kisha akasema, "Asante, mama," akafungua kamba, akapeana mkono na mwenzake.

Njiani kuelekea basi nikamuuliza Okoth: kama Mama Nabwire angegombea uongozi wa nchi, je? Alijibu bila kufikiri: "Huyo nampa kura yangu. Huyo ana kichwa. Lakini mwanamke, hapana."

Nilisimama barabarani nikicheka peke yangu, kwa maana mtu huyu alikuwa amenipa kile ambacho miaka yangu ya chuo haikunipa. Watu wanamkataa "mwanamke", ambaye hawajapata kukutana naye, na wanamfuata Mama Nabwire, ambaye wanamjua. Ndiyo maana nasema taifa litamchagua: halitachagua jinsia, litachagua mtu mwenye jina lake na kazi yake.

Mzee Kombo atasema soko si taifa. Nakubali. Lakini rais ana polisi, ana jela, ana askari wa kumlinda. Mama Nabwire hana hata filimbi, na wanaume wa nchi mbili wanamtii kwa hiari yao. Aniambie ni utii upi ulio mgumu kuupata. Atauliza pia nani atampikia mumewe. Mawaziri wetu wanaume hawajawahi kupika, na nyumba zao hazijalala njaa.

Barazani pako hamkumjadili Zuhura, mlimjadili "mwanamke". Bomba la maji lilipoharibika, wanaume wa kata walifanya mikutano. Zuhura alikwenda ofisi ya halmashauri siku baada ya siku, akakaa mlangoni mpaka fundi akatoka naye. Maji hayo Mzee Kombo anayatawadhia mpaka leo. Ulizaneni kama huyo anafaa.

Mpe mama salamu zangu, mwambie shuka alizonishonea zimefika salama. Msalimie shangazi muuza vitumbua, na mjomba wa reli, na mama mkwe wako kama bado hamjanuniana. Zuhura mwambie simwandikii kumkataza, wala simwandikii kumtia moyo, maana moyo anao.

Na sasa ombi langu, baba. Usinijibu kwa siri. Isome barua hii barazani kwa sauti, siku ambayo Mzee Kombo yupo na wote waliocheka wapo, na Zuhura akae pale pale miongoni mwenu, si nyuma ya pazia. Mwenye hoja dhidi yangu aisimamie mbele yake, kwa jina lake, nanyi mniandikie alivyosema. Ikiwa hatapatikana, simama wewe mwenyewe, umpe idhini yake mbele ya macho yale yale yaliyokutia haya. Nataka jibu la hadharani kabla majina hayajafungwa.

Mwanao mtiifu katika yote ila hili,
Salimu