Majivu Mabichi

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi, nikitumaini u mzima na wifi naye hajambo. Sisi huku tunapumua. Mama ni mzima, ila siku hizi chakula anakichezea tu.

Nisikufiche, nakuandikia nikiwa na hasira. Misonobari tuliyopanda kwenye shamba alilotuachia baba imekufa. Miche ile ilikuwa imeshanifika magotini, kijani hadi ncha. Sasa imekuwa na rangi ya kutu, ukiigusa majani yanapukutika. Iliyopona ni ya ukingoni tu, ambako majivu yako hayakufika.

Ulikuja mwenyewe na viatu vyako vya kung'aa, ukasema majivu ya boila la kiwanda chenu ni mbolea ya bure, eti wenzetu wanayagombania. Mama akafurahi kwamba mwanawe mkubwa ametukumbuka. Nikayaweka kwenye kila shina kwa mikono yangu, ikachubuka, nikaendelea nikidhani ndiyo kazi.

Bwana misitu alipokuja kukagua alishika kichwa. Alisema majivu hayo hulazwa nje yakanyeshewa msimu mzima ndipo yapelekwe shambani. Yakiwa mabichi yanaunguza, na msimamizi yeyote wa taka kiwandani anajua hilo. Msimamizi wa taka ni wewe, kaka. Uwanja wenu umejaa, bosi anakufokea, ukaona shamba la mama ndilo jalala.

Hata hilo ningelimeza. Lakini mama alipokupigia simu ukamwambia kosa ni langu, nimezidisha kama mtu asiyejua kutia chumvi kwenye mchuzi. Alilia, na kwa siku kadhaa hakunisemesha. Kisha leo asubuhi likafika lori jingine, limejaa majivu yale yale, yangali na joto. Mama akayashika, akaniangalia, akaenda kuvaa viatu.

Basi nikuambie tulichofanya. Mzigo hatukuupokea. Mama amepanda mbele na dereva, maana yeye ndiye anayejua geti lako, na wifi hawezi kumfungia mlango mama mkwe. Lori zima linamwagwa kwenye bustani yako ya mbele, ile ya nyasi za kukatwa kwa mashine. Dereva nimemwagiza amwage kwanza, barua akukabidhi baadaye.

Msalimie wifi. Mwandalieni mama chumba, amesema harudi mpaka umnunulie miche mipya.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja.