Amri ya Kuwatoa Askari wa Chaki

Chumba cha Juu,
Nyuma ya Duka la Vioo.
Jumapili, asubuhi.

Mpendwa binti yangu,

Pokea salamu zangu kabla ya mengine yote. Hujambo? Kile kikohozi cha vumbi la mgodini kimekuachia, au bado kinakusumbua? Mimi sijambo, ukiacha magoti, ambayo siku hizi hulalamika kwa niaba ya mwili mzima. Mama yako ni mzima wa kujikaza. Baba yako si mzima, na ndiyo sababu nakuandikia kwa haraka, ingawa unajua mimi na haraka hatujawahi kuelewana.

Simu yako haipatikani tangu mlipohamia kambi ya ndani. Barua hii nitampa dereva wa lori la mabomba, na ameapa ataitia mkononi mwako.

Kidonda cha mguu wa baba yako kimechimba. Daktari ametueleza bila kuzunguka: vidole vikatwe wiki hii, la sivyo sumu itapanda, na wiki ijayo tutazungumza habari ya mguu mzima, au ya mwenye mguu. Kitanda kimeshatengwa. Baba yako anakataa kwenda. Anasema hawezi kuondoka akawaacha watu ndani.

Watu wenyewe ni kikosi chako cha chaki za buluu.

Najua utacheka. Hata mimi nilicheka mwanzoni. Ulipoondoka ulimfanya awe kaimu wako, na mji wako wa maboksi bado umesimama sebuleni juu ya ule mlango wa zamani tulioufanya meza. Boksi la sabuni bado ni posta, la dawa ya meno bado ni duka la vitambaa. Kila Jumamosi tumeendelea na vita vyetu vya mchezo, kwa chaki na dadu, baba yako akilinda, Fundi Saa akishambulia, mimi nikiwa mwamuzi.

Vita vya mjini, kama nilivyokuwa nikikufundisha, havifanani na vya uwandani. Uwandani adui unamwona akiwa mbali. Mjini yuko upande wa pili wa ukuta, anakusikia ukipiga chafya. Barabara unaiona njia, kumbe ni mtego, maana kila dirisha lina macho. Ndiyo maana mwenye akili hupita ndani ya nyumba kwa kutoboa kuta. Na jengo ukishaliingia ukakaa, leo ni ngome, kesho ni kaburi. Baba yako aliingia posta akakaa. Vifaru vya Fundi Saa, ile mifuniko ya saa mbovu, vimeziba barabara zote. Ghorofa ya chini imekwenda. Askari wako watatu wameshavunjwa, na unajua sheria yetu: chaki ikivunjika haiungwi.

Jumamosi iliyopita Fundi Saa alitaka kutusaidia. Alisogeza kifaru kimoja, akaacha uchochoro wazi, kisha akajifanya anatafuta miwani iliyo usoni mwake.

"Rudisha kifaru chako," baba yako akasema.

"Nimekosea tu, Kapteni."

"Mtu anayehesabu meno ya gurudumu la saa hakosei kifaru. Unanihurumia mguu, siyo? Rudisha!"

Akakirudisha. Nami nikajaribu bahati yangu, nikatangaza kwamba mwamuzi anaweza kusimamisha vita kwa ajili ya majeruhi.

"Kaka, acha uongo wa walimu," akaniambia. "Kanuni aliiweka mtoto mwenyewe. Kikosi hakiachi jengo bila amri ya mwenyewe, kwa mwandiko wake. Mimi kaimu tu."

Tangu hapo meza haiguswi. Amekaa mbele ya posta, mguu juu ya ndoo iliyofunikwa kwa mto. Mama yako alitishia kuufagia mji wote, akashika ufagio kweli. Alipomwona mumewe amelikinga boksi la sabuni kwa viganja viwili, akauweka chini, akaenda kulia jikoni.

Usidhani amerukwa na akili. Anajua chaki ni chaki. Lakini kazi ya zimamoto ilimfunza kuwa kiongozi hutoka wa mwisho, na siku paa la lile ghala lilipoanguka, yeye alikuwa nje akiunganisha mpira wa maji, na wenzake walikuwa ndani. Hajawahi kulizungumza. Mtu wa namna hiyo humwambii "toka" akakuelewa. Ni lazima apewe amri, na watu wake wawe wamemtangulia.

Binti yangu, maji yametufika shingoni. Nilifikiria hata kuuiga mwandiko wako, nikaona ataujua. Barua zako amezisoma mpaka mikunjo imetoboka.

Basi andika wewe. Ukuta wa mashariki wa posta umegusana na duka la vitambaa. Waagize watoboe pale, na moshi utangulie. Ile pamba tunayoifanya moshi bado ipo kwenye kopo lake. Siwezi kukuahidi watapona wote, maana dadu haina huruma. Lakini watatoka. Mpe karatasi dereva huyohuyo, asiondoke bila hiyo.

Na hili ndilo nililokusudia hasa, usilisahau: mtaje kaimu. Kikosi kikitoka na yeye hukumtaja, namjua ndugu yangu, atabaki kuilinda posta tupu.

Mama yako anakusalimu, na mdogo wako pia, ambaye sasa ndiye hufunga kidonda. Shangazi yako anauliza kama unakula. Fundi Saa anakusalimu, na anasema siku hiyo vifaru vyake huenda vikashikwa na usingizi mzito, ila hilo baba yako asilisikie. Mungu akufungulie kila mlango ulio mbele yako, nasi atufungulie huu mmoja.

Wako akupendaye, anayelisikiliza lori,

Baba Mkubwa