Uzi Mwekundu Kwenye Magunia ya Mwanda

Na kabla sijafika kwenye hayo ya chama chetu cha wakulima, Baba, acha nimalizie ya Mwadime, maana siwezi kuandika mistari mitatu bila kumtaja mume wangu. Asubuhi huku Mwanda ukungu ni mzito, naye hutangulia njiani akipangusa umande wa majani kwa fimbo, nisilowe miguu. Majirani wanamcheka. Yeye hajali. Huu ni mwezi wa pili tangu tufunge ndoa, na bado nikimsikia akikohoa mlangoni moyo unaruka. Laiti ungekuwepo kanisani.

Sasa ya chama. Watu wa huku Mwanda wamejitoa. Hukuwa umemaliza hata miezi mitatu kaburini. Mchuuzi mmoja wa Voi aliwaahidi bei nzuri ya viazi, nao wakasema wamechoka kupangiwa kila kitu na kwetu Werugha.

Unaikumbuka ile sheria uliyoiandika kitabuni ukiwa katibu, kwamba mzigo wa asiye mwanachama ungoje stesheni ya Voi mpaka wa wanachama upakiwe wote? Uliiweka kwa ajili ya wachuuzi wa mbali waliokuwa wakituharibia soko. Hukuwafikiria Mwanda. Lakini kamati kwa hasira iliwashikia hiyo hiyo, na viazi vya baba mkwe vikakaa juani siku mbili hadi vikageuka kijani. Mchuuzi naye alipoona hawana pa kwenda, akashusha bei. Werugha nao hawakupona. Wanunuzi wa Mombasa wanataka kabeji na viazi pamoja. Walipokosa viazi, wakaanza kuzikataa kabeji zetu.

Zetu. Unaona, Baba, bado nasema zetu.

Ndivyo nilivyokosea. Tangu utoto nilishona magunia nawe kwa uzi mwekundu, alama ya chama, na nilipoolewa nilikuja na sindano na uzi ule ule. Jumatatu moja nilimsaidia Mwadime kufunga viazi. Mkono ulienda wenyewe, macho yakiwa kwake. Kule Voi karani wa chama akaona uzi mwekundu, akayapakia magunia yetu mbele, pamoja na kabeji za Werugha. Mwadime alirudi akiimba. Mimi nikautazama uzi juu ya kigoda, nikatambua nilichofanya. Watasema binti wa katibu ameiba nafasi kwa alama ya baba yake.

Mwadime aliniambia, "Twende tukaseme. Nitasema nilishona mimi." Nilikataa kumtwika kosa langu, lakini niambie, mtu kama huyo utaachaje kumpenda?

Tulikwenda Werugha mbele ya kamati. Mwenyekiti, rafiki yako Mzee Mshila, alinitazama juu ya miwani. "Mwanangu, umeolewa Mwanda, mkono umeuacha kwetu?"

Mwadime akadakia, "Basi mkono uwe mwanachama, Mzee, sisi wengine tungoje juani."

Walicheka, hata waliokuja wamenuna. Kisha karani akasema siku ile wanunuzi walichukua mzigo wote bila ubishi, wakidhani Mwanda wamerudi. Kamati wakaanza kupiga hesabu.

Mwanda hawatarudi, Baba. Wana kamati yao na wanaipenda. Lakini Werugha sasa wako tayari viazi viingie behewa moja na kabeji, na bei ijadiliwe kwa pamoja. Ili iwe hivyo, sheria yako lazima ifutwe. Mzee Mshila alinisogezea kitabu na kalamu. "Ni ya baba yako. Ifute wewe."

Nikauona mwandiko wako. Jinsi unavyoivuta herufi ya mwisho kama hutaki kuiacha. Sikuweza. Niliwaomba wangoje mpaka nikuambie, nao hawakunikemea.

Ulikuwa ukisema chama bila masharti kitachezewa na kila mpita njia. Sisemi ulikosea. Ila wanaongoja juani sasa ni watu wangu, na wewe mwenyewe ndiye uliyewakaribisha siku ulipoikubali posa yao.

Pumzika, Baba yangu. Kamati itakutana tena mwisho wa mwezi. Kabla mwezi haujaisha nitakuja kaburini na Mwadime, nikuambie kwa mdomo wangu, ndipo niende kuishika kalamu.

Binti yako,
Mghoi